Yuriopsi, argirantemu au tithonia: upande kichaka kipi?

Ukiweka picha za maua ya vichaka hivi vitatu kando kando, ni rahisi kudhani vimezaliwa tumbo moja. Vyote ni vya jamii ya alizeti, vyote vina duara katikati na petali zilizolizunguka, na vyote husifiwa kwa maneno yaleyale: hutoa maua mengi na havina masharti. Basi watu huchagua kwa rangi. Mwaka wa pili mmoja amebaki na vijiti vitupu vyenye majani nchani tu, mwingine ana kichaka kilichopita kimo cha paa.

Rai yangu ni kwamba usiliache ua likuamulie. Tofauti kubwa ya vichaka hivi iko kwenye mti wake: unakua kwa kasi gani, unazeekaje, na unafanya nini ukikatwa. Hilo la kukatwa nitalizungumzia kwa kirefu kuliko mengine, kwa sababu ndilo huamua kama kichaka kitakaa nawe miaka mingi au kitakuchosha mapema.

Yuriopsi ninayoisema ni Euryops pectinatus, mmea wa miteremko ya mawe ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Hufikia kati ya mita 1 na 1.5 kwenda juu, na upana wake unakaribiana na kimo. Majani yamechanika kama meno ya kitana na yana vinyweleo vya kijivu, hivyo kichaka kinapendeza hata kisipokuwa na ua. Maua ni ya njano kali, yenye upana wa sentimita 5 hivi, na hukaa juu ya vikonyo virefu visivyo na jani, kwa hiyo rangi yote huelea juu ya kichaka. Ipo aina yake ya majani ya kijani isiyo na vinyweleo, iitwayo 'Viridis', ambayo hutunzwa vivyo hivyo.

Argirantemu, Argyranthemum frutescens, ni ya Visiwa vya Kanari. Jenasi yake ina spishi zipatazo 24, na kwa asili zote ni za visiwa vya Atlantiki: Kanari, Madeira na Selvagens. Kati ya vichaka vyetu vitatu hii ndiyo ndogo kuliko vyote, mara nyingi kati ya nusu mita na mita 1. Ua la asili lina petali nyeupe na kitovu cha njano, lakini wazalishaji wameizalisha kwa njia nyingi, na leo zipo za waridi, za njano hafifu, nyekundu iliyopauka, na zenye petali zilizojaa hadi katikati.

Tithonia, Tithonia diversifolia, ndiyo ile ambayo wengi wanaiita alizeti mwitu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mita 2 hadi 3 kwake ni kawaida, na mahali penye mvua nzuri huweza kukaribia mita 5. Majani ni mapana, mengi yamegawanyika sehemu 3 hadi 5, na maua ya njano inayoelekea rangi ya chungwa yana harufu ya asali. Shika kikonyo chini kidogo ya ua na utahisi kinanenepa kuelekea juu, tena kina uwazi ndani. Alama hiyo husaidia kuitambua hata pale ambapo petali zimeshapukutika.

Tulisogelee ua kidogo

Kila tunachokiita ua hapa ni kichwa chenye vijiua vingi. Vya ukingoni kila kimoja kina ulimi mmoja mrefu, ndio tunaouita petali. Vya katikati ni vidogo mno, na hufunguka kwa mizunguko, kuanzia nje kuelekea ndani. Chukua kichwa cha tithonia kilichofunguka nusu uone: kuna pete ya chavua imesimama, nje yake vijiua vilivyokwisha kufunguka, ndani yake vilivyofumba bado. Kwa sababu hiyo kichwa kimoja huwalisha nyuki kwa siku kadhaa mfululizo, si asubuhi moja.

Jambo hili lina uzito unapochagua aina ya argirantemu. Zile zenye petali zilizojaa hadi katikati zimepoteza sehemu kubwa ya vijiua vya kitovu, na vijiua vya kitovu ndivyo vyenye chavua nyingi na nekta. Ni nzuri kwa macho, lakini nyuki huziruka. Kama unapanda kwa ajili ya nyuki na vipepeo pia, chukua zenye petali safu moja. Yuriopsi na tithonia hazina tatizo hilo, kwani vitovu vyao viko wazi.

Mkasi unapopita

Argirantemu ina udhaifu mmoja ambao wauzaji wa miche hawausemi. Shina lake likishakomaa na kugeuka mti, huwa halichipui tena kwenye sehemu isiyo na jani. Ukiikata hadi kwenye mti mkavu ukitarajia ianze upya, mara nyingi kinachobaki ni kisiki. Kwa hiyo kuipogoa ni kazi ndogondogo ya mara kwa mara. Mche ukiwa bado mchanga, bana ncha za matawi kwa vidole ili ugawanyike chini kabisa. Kila wimbi la maua likiisha, punguza kama theluthi moja ya matawi, na hakikisha chini ya kila mkato pamebaki majani mabichi. Usiruke hata wimbi moja, maana tawi lililoachwa lirefuke halirudishiki.

Hata ukifanya hayo yote, baada ya miaka miwili au mitatu kichaka huwa wazi katikati na kuanguka pembeni. Hilo ni umri wake, wala usijilaumu. Anayeipenda argirantemu anatakiwa kuwa na miche mipya inayokua pembeni wakati wote, ili mzee akichoka awepo wa kumrithi. Wapo wanaofurahia kazi hiyo. Kama wewe si mmoja wao, mmea huu utakuvunja moyo.

Yuriopsi inavumilia zaidi, ingawa nayo haipendi kukatwa kwa ukatili. Matawi yake huwa matupu chini, na ukiangalia utaona makovu ya majani ya zamani yamepangika kuzunguka shina. Mpogoe mara moja kwa mwaka, wimbi kubwa la maua linapokwisha, ukiondoa robo hadi theluthi ya urefu na kuacha majani kwenye kila tawi. Ukifanya hivyo tangu mwaka wa kwanza, kichaka hubaki mviringo na chenye majani hadi karibu na ardhi kwa miaka mingi. Ukikiacha miaka minne ndipo ukumbuke mkasi, utapata mwavuli: majani juu, miguu mitupu chini. Hapo usijaribu kukirekebisha kwa siku moja. Kata baadhi ya matawi msimu huu, mengine msimu ujao, kila mara ukishuka hadi kwenye chipukizi linaloonekana.

Vikonyo vya maua yaliyonyauka navyo vinahitaji mkono. Kwa kuwa ni virefu na havina jani, vikibaki vimekauka vinakifanya kichaka kizima kionekane kimechakaa. Ni kazi ya dakika chache: kikate kikonyo chini, pale kinapotokea kwenye majani.

Tithonia ni kinyume cha zote mbili. Ikate hadi kisiki cha goti, itachipua. Ikate tena, itachipua tena, na kwa matawi mengi kuliko mwanzo. Kinachosumbua watu ni nguvu hiyo yenyewe: isipokatwa kila mwaka inakuwa ndefu, matawi yanavunjika kwa upepo, na chini panakuwa na kivuli kizito kisichoacha mmea mwingine kuota. Mwenye eneo kubwa na panga kali ataifurahia. Mwenye bustani ndogo atakuwa kwenye vita visivyoisha.

Jambo moja kwa zote tatu: vaa glavu. Mimea ya jamii hii ina kemikali ambazo kwa baadhi ya watu husababisha ngozi kuwasha na kutoka vipele, na mara nyingi hali hiyo huzidi kadiri mtu anavyoshika mimea hiyo mara kwa mara.

Jua, maji na baridi

Juu ya jua hakuna mjadala. Zote zinataka jua kamili, na kivulini zote hurefuka, hulegea na kutoa maua machache. Udongo usiotuamisha maji ni sharti kwa yuriopsi na argirantemu, kwani mizizi ikikaa kwenye tope huoza. Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua tuta na uchanganye mchanga mzito na mboji iliyoiva kabla ya kupanda. Tithonia haibagui, huota hata kwenye udongo uliochoka kando ya njia.

Kwenye maji ndipo zinapoachana. Yuriopsi ikishashika mizizi, yaani baada ya mwaka wa kwanza, huhimili ukame vizuri sana, na maji mengi huidhuru kuliko maji machache. Argirantemu haistahimili kiu namna hiyo, hasa ikiwa kwenye chungu: majani huning'inia mchana, na ikirudiarudia hali hiyo vitumba hukauka kabla ya kufunguka. Mpe maji udongo wa juu unapokauka, uache yatoke chini, usiweke kisahani kinachobaki na maji. Joto kali nalo huisimamisha. Imetoka visiwa vyenye hewa ya wastani, na mahali ambapo hata usiku ni wa joto, huacha kutoa maua kwa wiki kadhaa hadi hali ipoe. Mtu asipolijua hilo hudhani mmea una njaa, anaongeza mbolea, na mbolea yenye naitrojeni nyingi inazidisha majani na kuchelewesha maua zaidi.

Kwa upande wa baridi, yuriopsi ndiyo ngumu zaidi: huvuka vipindi vifupi vya nyuzi 5 chini ya sifuri ikiwa udongo hauna maji yaliyotuama. Argirantemu huumia hata kwa umande ulioganda kidogo, na tithonia hupoteza majani yote, ingawa kisiki chake mara nyingi huchipua joto linaporudi.

Kuhusu msimu wa maua, tofauti ni hii. Mahali penye hali ya hewa ya wastani yuriopsi inaweza kuwa na maua karibu mwaka mzima, huku wimbi kubwa likija kipindi cha baridi kinapoelekea kwisha. Argirantemu huenda kwa mawimbi, na kila wimbi hutegemea kama ulikata lililotangulia. Tithonia hutoa yake kwa kishindo cha msimu, kisha inakuwa ukuta wa majani.

Kuotesha

Argirantemu ndiyo rahisi kujifunzia. Kata ncha laini isiyo na ua, ya sentimita 7 hadi 10, chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye tawi. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, uweke kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja na udongo wenye unyevu tu. Wiki mbili hadi tatu zinatosha kupata mizizi. Ikianza kukua, bana ncha. Aina za rangi usizitarajie kwa mbegu, kwani watoto hawatafanana na mama. Na ujue kwamba aina nyingi mpya zinalindwa na haki za mzalishaji, kwa hiyo kuzizidisha ili kuuza kunahitaji kibali.

Yuriopsi hufuata njia hiyohiyo ila chagua tawi lililoanza kukakamaa, yaani laini juu na gumu chini, na uwe na subira zaidi. Vinyweleo vya majani hushika maji, basi usiifunike kwa nailoni iliyobana bila kuipa hewa, itaota ukungu.

Tithonia? Chomeka kijiti cha mti uliokomaa, cha sentimita 20 hadi 40, kwa kukilaza kidogo kwenye udongo mbichi. Hakihitaji unga wa kuotesha mizizi wala kivuli. Urahisi huu una gharama yake, nitaifikia.

Kivimbe cha kuogopa

Wadudu wa kawaida ni vidukari kwenye ncha changa na viwavi wadogo wanaochimba ndani ya jani la argirantemu, wakiacha mistari myeupe iliyopindapinda. Majani yenye mistari yachume na kuyatupa mbali mapema, hutahitaji zaidi ya hapo mara nyingi. Tithonia husumbuliwa kidogo sana na wadudu.

Kivimbe ni habari nyingine. Ukiona uvimbe mgumu wenye vinundu pale shina linapoingia ardhini, au palipowahi kukatwa, hiyo ni kazi ya bakteria Agrobacterium tumefaciens. Na argirantemu ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu: ni kwenye vivimbe vya mmea huo ndiko Erwin F. Smith na C. O. Townsend wa Marekani walikomtenga bakteria huyo, wakatangaza matokeo yao mwaka 1907. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba hupenyeza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea, na hila hiyohiyo ndiyo maabara nyingi hutumia leo kuhamishia jeni kwenye mazao.

Kwa mkulima wa maua maana yake ni nyepesi kueleza na ngumu kuikubali: mmea ulioathirika hauponi. Bakteria huingia kupitia jeraha, na kila kipandikizi ni jeraha. Ng'oa mmea wote na mizizi yake, usiutie kwenye lundo la mboji, usichukue hata ncha moja ya kuotesha, safisha kisu kwa spiriti, na mahali pale usipande tena mmea wa aina hiyo kwa misimu kadhaa.

Tithonia na deni lake

Kama ningelinganisha kwa faida peke yake, tithonia ingezishinda nyingine kwa mbali. Majani yake mabichi ni mbolea. Vipimo vilivyofanywa na watafiti vinaonyesha kwa wastani asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu katika majani yaliyokaushwa. Tafsiri yake ni kwamba tani 1 ya majani makavu hubeba kilo 35 za naitrojeni, 3.7 za fosforasi na 41 za potasiamu. Tena huoza haraka, hivyo virutubisho hivyo hufika kwenye mazao msimu uleule. Unaweza kuyakatakata na kuyafukia, kuyatandaza juu ya udongo, au kuyaloweka na kutumia maji yake.

Lakini virutubisho hivyo havikutoka hewani. Tithonia haina vinundu vya kutengeneza naitrojeni kama mikunde. Inachofanya ni kuvuta kwa bidii kilichopo ardhini. Ukikata kila msimu upande mmoja na kurutubisha upande wa pili, unahamisha rutuba, na ule upande wa kwanza utadhoofika. Majani mabichi pia ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo shamba lenye ukubwa wa maana linahitaji mzigo mkubwa wa kubeba.

Na lipo la uvamizi. Mbegu zake ni nyepesi, husafiri kwa upepo, kwa maji na kwa magurudumu, na kijiti kilichotupwa kwenye udongo mbichi huota mizizi. Imetapakaa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki, ikisonga mimea ya asili. Afrika Kusini imeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kupandwa wala kuuzwa. Kwa hiyo ushauri wangu hauna mlango wa nyuma: kama haipo mahali ulipo, usiilete. Kama imeshajaa kando ya njia, itumie, ikate kabla vichwa havijakomaza mbegu, na vijiti vinene vikaushe juani juu ya jiwe au saruji kabla ya kuvitupa.

Unachagua ipi?

Mwenye roshani au kibaraza na vyungu tu, achukue argirantemu, chungu chenye upana wa sentimita 25 hadi 30, na akubali kuotesha miche mipya kila mwaka. Hakuna kati ya hizi itakayompa maua mengi hivyo kwenye nafasi ndogo hivyo.

Mwenye kitalu cha kudumu, au anayetaka uzio mfupi wa maua kando ya njia, apande yuriopsi kwa kuachanisha sentimita 75 hadi 90. Hata yule asiyeweza kuamua ningemwelekeza hapo: inasubiri mkasi mara moja kwa mwaka na inasamehe wiki iliyosahauliwa bila maji. Tahadhari yake ni mifugo. Yuriopsi iko kwenye tapo moja, yaani kundi moja la ukoo, na mimea inayojulikana kwa sumu ya ini, kwa hiyo usiipande pale mbuzi au ng'ombe wanapofikia, wala usiwatupie matawi uliyopogoa.

Tithonia ni ya mwenye shamba, si ya mwenye bustani, na kwa masharti niliyoyasema.

Ukienda kununua mche, acha ule uliojaa maua. Chagua mfupi, wenye matawi yaliyogawanyika chini na vitumba ambavyo havijafunguka. Fukua udongo wa juu kwa kidole hadi uone shina linapoingia ardhini. Pakiwa na nundu, urudishe, na miche ya jirani yake uiache pia.